Toazi Lenye Ukingo Uliopinda

Nyarugusu,
k.k. Duka la Liaquat, Geita
9 Februari 1975

Mwanangu Selestine,

Mwangaluka, kama barua hii itakufika asubuhi. Ikikufika jioni, jisalimie mwenyewe inavyofaa. Huku sote ni wazima. Mama Sikujua mgongo umemwachia, anakusalimu, na anauliza kama mkeo Mageni bado anatapika. Mwambie anywe uji wa mtama usio na sukari. Si kwamba sukari ni mbaya, ila haipo. Binti yetu Sikujua ameposwa na mchimbaji kutoka Tabora mwenye baiskeli na maneno mengi. Baiskeli tumeiona.

Sasa nakuja kwenye jambo lenyewe. Lori la Liaquat linakuja Shinyanga kuchukua mafuta ya taa. Juu yake kuna gunia la mkonge, ndani ya gunia kuna blanketi, na ndani ya blanketi kuna toazi langu la Kichina. Ni lako. Nimelipiga miaka kumi na mmoja kwenye bendi ya klabu ya mgodi, tangu siku nilipolichukua dukani kwa Mzee Rajnikant. Lilikuwa limekaa dirishani mwake tangu kabla ya vita, katikati ya mabirika na taa za chemli, kwa sababu hakuna aliyejua linapikiwa nini.

Utaona ukingo wake umepinda kwenda juu kama ukingo wa kofia ya mzungu. Usishtuke, ndivyo lilivyozaliwa. Na pale katikati, badala ya nundu ya mviringo kama matoazi mengine, kuna kitu kama kikombe kilichofunikwa. Usilipige usoni. Lipige begani, pale ukingo unapoanza kuinuka, kwa ubavu wa kijiti, kisha uondoe mkono haraka. Na usilipige kila mahali kama mtu anayetia chumvi. Liache likae kimya nyimbo mbili, ya tatu ulipige mara moja tu, pale chemko linapoanza, wimbo unaposhika kasi.

Kwa nini nakupa? Umri, mwanangu. Mikono yangu siku hizi inaelewana na sururu tu.

Nakuomba kitu kimoja. Niandikie linavyolia. Usiniandikie "linalia vizuri". Niandikie kama unayemweleza mtu aliye mbali sana.

Baba yako mdogo,
Nkwabi


Shinyanga
2 Machi 1975

Baba Mdogo,

Shikamoo. Nimepokea gunia, blanketi na toazi, na Mageni ameliomba lile blanketi kabla hajaniuliza ndani kulikuwa na nini. Hali yake ni nzuri. Uji ameukubali, mtama umekubali kukaa tumboni. Mpe Mama Mdogo shikamoo yangu, na Sikujua mwambie aulize ile baiskeli ni ya nani.

Kazi kiwandani inaendelea. Asubuhi mimi ni karani wa zamu kwenye mashine za kuchambua pamba, alasiri mimi ni mpiga dramu wa Nyuzi Jazz, bendi ya kiwanda. Kwa hiyo nina mabosi wa aina mbili. Wa asubuhi wanajua pamba.

Ijumaa tulifanya mazoezi. Nililifunga toazi kwenye stendi, nikafuata maneno yako: begani, ubavu wa kijiti, ondoa mkono. Baba Mdogo, lilisema CHAKSH! na likanyamaza. Maganga, yule wa gitaa la solo, aliacha kupiga, akageuka kuangalia ni nani aliyeangusha sufuria. Nikapiga tena. Safari hii alicheka, akasema, "Rudia hapo, rudia!"

Halina utamu hata kidogo. Ni kavu, lina hasira, linaingia kwenye wimbo kama mtu aliyefungua mlango kwa teke, na kabla hujamuuliza shida yake ameshaondoka. Lakini nikilipiga polepole, mfululizo, linapumua. Ni kama mtu anayeburuta gunia la pumba kwenye sakafu ya saruji, na chini yake kuna sauti nyingine nzito, kama mzee anayeguna ndani ya mtungi. Ile ya chini sikuitegemea. Nadhani ndiyo siri yake.

Kuna jambo dogo. Tuna Kamati ya Utamaduni na Burudani, watu saba. Wawili hawajui kucheza, watano hawawapendi wanaojua. Mwenyekiti wake, Ndugu Donatus, ni afisa utumishi. Amesema bendi ya umma haiwezi kupiga chombo cha mtu binafsi. Nimesaini karatasi kwamba nimelikabidhi kiwanda. Ni utaratibu tu.

Jumapili ya tarehe 16 tunapiga bugi, dansi la mchana, na watu wa redio watakuja kurekodi. Usikilize. Utalisikia toazi lako.

Mwanao,
Selestine


Nyarugusu
30 Machi 1975

Ng'wanawane,

Nakuita mtoto wangu kwa Kisukuma kwa sababu barua yako imenifurahisha, na nikifurahi Kiswahili kinanipungukia. Marahaba. Sote wazima. Liaquat amepandisha bei ya sabuni na mke wake Khairunisa ameishusha mumewe alipokwenda kusali. Nyumba mbili za nyasi zimeungua upande wa soko, hakuna aliyeumia.

"Mzee anayeguna ndani ya mtungi." Nimeisoma hiyo mara nyingi. Ndivyo kabisa. Klabuni kulikuwa na fundi mmoja wa mashine, akilewa alikuwa anakuja kuweka sikio chini ya toazi kuitafuta ile sauti, akisema kuna mtu humo. Nilikuwa nimesahau.

Redio sikusikiliza. Betri zimekwisha. Mama Sikujua alikwenda kusikiliza kwa jirani na amesema mlipiga vizuri.

Sasa niambie zaidi. Ukilipiga kwa kichwa cha kijiti na si ubavu, linabadilika vipi? Ukiligeuza, ukingo ukaangalia chini, je, vijiti vinateleza vizuri zaidi? Wengine tulikuwa tukilipiga hivyo. Na watu wakati huo wanafanya nini? Wanasimama? Wanawake wanashika vichwa? Andika yote, usibanie karatasi.

Hiyo karatasi uliyosaini sijaipenda, lakini mimi siyajui mambo ya viwanda.

Baba yako mdogo,
Nkwabi


Shinyanga
18 Mei 1975

Baba Mdogo,

Shikamoo. Nisamehe kwa kuchelewa. Kwanza bahasha zilikosekana, halafu zikapatikana stempu zikakosekana. Mageni tumbo limetokeza, jirani zetu wameanza kubishana kama ni wa kiume, na wameniacha nje ya mjadala. Mvua zimekuwa nzuri. Pamba itakuwa nyingi, na hotuba kuhusu pamba zimeshakuwa nyingi.

Toazi liko salama. Naweza kukuhakikishia kwamba katika mkoa mzima huu hakuna toazi lililo salama kama lako.

Umeuliza mengi. Tulipiga Kahama mwezi uliopita, ukumbi ukajaa mpaka watu wakakaa madirishani. Lilipofika chemko, nikalipiga. Baba Mdogo, lilivuma! Lilivuma kama kengele ya kanisa, likaenda, likaenda, sauti ikazunguka ukumbi wote, tamu na ndefu, na lilikuwa bado linaimba wakati Maganga anamaliza solo yake. Akina mama wakashika vichwa, kama ulivyosema. Mzee mmoja akalia.

Kwa kichwa cha kijiti linalia vizuri pia. Ukiligeuza, linalia vizuri vilevile.

Kamati ni wazima. Ndugu Donatus amekwenda semina Mwanza, amerudi, amekwenda tena.

Na wewe hujaniambia habari zako. Kila barua ni ya Liaquat na sabuni. Duara lako, lile shimo la dhahabu, linatoa? Bado unashuka chini mwenyewe?

Mwanao,
Selestine


Nyarugusu
8 Juni 1975

Selestine,

Marahaba. Wazima.

Barua yako nimeisoma mara tatu, mara ya tatu nikiwa nimesimama. Sasa nikuulize, na unijibu kama mwanaume. Unaniandikia habari za toazi gani?

Langu halivumi kama kengele. Halijawahi. Langu linapiga kelele moja, linakohoa, linanyamaza. Ndiyo kazi yake. Lingekuwa linaimba mpaka mwisho wa solo ya mtu, ningelirudisha kwa Rajnikant wiki ileile. Uliloliandika ni toazi la kawaida, lile la kila bendi, tena lililopigwa na mtu mwenye huruma. Na mtu aliyeligeuza toazi la Kichina hawezi kusema "linalia vizuri vilevile". Likigeuzwa, kijiti kinapita juu ya mgongo badala ya kukwaruza makali, mlio unalainika na hausikiki mbali. Mpigaji analijua hilo kabla hajamaliza pigo la kwanza.

Ulilisikia mara ngapi, mwanangu? Siku ile ya mazoezi tu?

Liko wapi?

Nkwabi


Shinyanga
29 Juni 1975

Baba Mdogo,

Shikamoo. Mageni ni mzima. Mimi nina aibu.

Nililipiga mara mbili. Mazoezini, na lile bugi la redio. Kesho yake Kamati ilikaa. Nakueleza ilivyokuwa, maana Paskalia, mpiga chapa wao, alinionyesha muhtasari.

Ndugu Donatus alifungua kikao kwa kusema kwamba kiwanda kimepokea toazi moja na kwamba alipolitazama kwa makini, mbele ya hadhira, aligundua limepinda. Akasema kiwanda kinachoendelea hakiwezi kusimama mbele ya wananchi na chombo kilichopinda. Nikaitwa. Nikaeleza kwamba ukingo wake ndivyo ulivyo, kwamba ni toazi la Kichina.

Hapo ndipo nilipoharibu. Mjumbe mmoja akasimama akauliza, "Ina maana Ndugu Selestine anasema vitu vya Kichina vimepinda? Anajua kwamba hiyo ni nchi rafiki?" Wakajadili nusu saa kama jina hilo ni la matusi. Wakaamua kwamba kuanzia siku hiyo liitwe "toazi lenye kasoro", ili kulinda urafiki, na kwamba lipelekwe karakana likanyooshwe kwa nyundo.

Nilipiga magoti, Baba Mdogo. Sitanii, nilipiga magoti kwenye sakafu ya ofisi. Ndugu Donatus akaniambia, "Inuka, ndugu. Likishanyooka utatushukuru."

Mpaka leo halijanyooshwa, kwa sababu fundi wa karakana hawezi kugusa chombo bila fomu, fomu inatakiwa isainiwe na Mwenyekiti, na Mwenyekiti yuko semina. Mara moja alirudi akasaini, ikaonekana kwamba ni fomu ya kunyoosha mabati. Kwa hiyo liko stoo. Ignas, mtunza stoo, amelifungia kwenye kabati la chuma lenye makufuli mawili. Niliposema liko salama sikudanganya.

Lakini mengine yote nilidanganya. Kahama hatukuwahi kwenda. Huyo mzee aliyelia sijui nilimtoa wapi. Ulikuwa unauliza kwa hamu sana, kila barua, nikashindwa kukuambia kwamba toazi lako ni mfungwa. Nikaanza kuandika mlio wa kitu ambacho sikuwa nimekisikia kwa miezi miwili, na masikio yangu yakaleta mlio wa hili jingine nililopewa na kiwanda, ambalo ni jipya, limenyooka, na linalia kama mtu anayejipendekeza.

Ndugu Donatus atarudi wiki ya mwisho ya Julai. Amesema kunyoosha kutakuwa ajenda ya kwanza, na fomu ameshaichapisha upya.

Mwanao asiyefaa,
Selestine


Nyarugusu
13 Julai 1975

Mwanangu,

Marahaba, na unafaa. Mama Sikujua anasema hivyo pia. Yule mchumba wa Tabora amerudisha baiskeli kwa mwenyewe na Sikujua amebaki, anacheka zaidi kuliko zamani.

Umenieleza ukweli, basi na mimi nikueleze wangu. Usimwonyeshe mtu barua hii ila Mageni.

Sisikii. Tangu Septemba mwaka jana. Tulikuwa tunapasua mwamba, nikawasha utambi wa baruti mwenyewe, na badala ya kukimbia nikawa namalizia kumsimulia mwenzangu jinsi nilivyomshinda mtu mmoja kesi ya mipaka mwaka hamsini na nane. Hadithi ilikuwa imefika patamu. Nilichelewa hatua ishirini. Mwenzangu alitangulia, yeye ni mzima, na mwisho wa hadithi hakuusikia. Mimi sikusikia kitu tena. Si redio, si Mama Sikujua, si mvua kwenye bati.

Nyumbani tunaelewana kwa ishara, lakini sikumwambia mtu hapa machimboni. Kiziwi hashushwi duarani, maana hatasikia akipigiwa kelele kwamba udongo unaporomoka. Kwa hiyo nakaa juu, natikisa kichwa. Na unajua kilichotokea? Heshima imepanda! Wanasema Mzee Nkwabi amekuwa mtu wa kutafakari. Wamenichagua mwamuzi wa ugomvi wa maduara, kwa sababu nasikiliza pande zote mbili bila kumkatiza mtu. Naangalia nani anatoka jasho, nampa haki mwingine. Mpaka sasa hakuna aliyekata rufaa.

Lakini asubuhi moja mwezi wa kwanza nilitoa toazi nikalipiga. Mama Sikujua alitoka jikoni ameziba masikio, kinywa wazi, ananigombeza. Mimi sikupata hata chembe. Nilikaa nalo magotini mpaka chai ikapoa. Ndiyo maana nilikupa. Nilitaka mtu alisikie, kisha aniandikie.

Kwa hiyo tazama tulivyokuwa, mwanangu. Miezi hii yote mimi na wewe tumeandikiana juu ya mlio ambao hakuna kati yetu aliyekuwa akiusikia. Hata hiyo Kamati yako haijafikia ujinga huu.

Hawatalinyoosha. Nakuja na lori la Liaquat. Usijibu barua hii, nitakuwa nimeshatoka.

Nkwabi


Shinyanga
10 Agosti 1975

Baba Mdogo,

Shikamoo. Natumaini ulifika salama. Mageni anasema Mama Mdogo alikupa kanga mbili umletee na wewe ukasahau kusema, tumezikuta chini ya kitanda. Tumeshukuru.

Kituoni uliniambia, "Niandikie walichokuwa wanasema wale." Nimefikiri jinsi ya kuandika bila kukosa adabu, nimeshindwa. Basi naandika kama ilivyokuwa.

Ulipofungua mlango wa chumba cha Kamati, Ndugu Donatus alikuwa amesimama na fomu mkononi. Alisema, "Shikamoo mzee, lakini hapa kuna kikao." Wewe ukasema, "Marahaba, asanteni, nitakaa," ukakaa kwenye kiti cha Meneja. Hakuna mtu aliyewahi kukaa kiti hicho. Paskalia aliacha kuchapa.

Ukasema, "Mimi ni Nkwabi wa Nyarugusu, nimekuja kuchukua toazi."

Ndugu Donatus akajibu, "Mzee, toazi hilo ni mali ya umma."

Ukasema, "Ndiyo, hilohilo. La Kichina."

Yule mjumbe wa nchi rafiki akaruka: "Hapa tumekataza neno hilo!"

Ukamgeukia ukamwambia, "Na wewe pia asante, kijana. Unafanana na watu wa Ushirombo."

Ndugu Donatus akaanza kusoma kanuni. Alisoma kifungu cha nne na cha tano. Wewe ulikuwa unatikisa kichwa polepole, macho yako usoni kwake, jinsi ambavyo nadhani unafanya kwenye kesi za maduara. Nilimwona anaanza kutoka jasho. Hakuna mtu aliyewahi kumsikiliza hivyo. Alipofika "kwa hiyo, ombi lako haliwezekani kabisa," ukainuka ukamshika mkono, ukasema, "Mungu akubariki. Nilimwambia Selestine, wale ni watu waelewa."

"Sijakubali!" akasema. "Mzee, nimesema hapana! Hapana!"

"Na familia yako pia," ukamjibu.

Hapo ndipo alipoanza kupiga kelele. Alipiga kelele mpaka wa mashine ya tatu wakasikia, wakazima mashine, wakaja madirishani. Alieleza mali ya umma, nidhamu, fomu, ukingo, maendeleo. Mishipa ilimtoka shingoni. Na alipokatika pumzi, wewe ukapiga makofi.

Baba Mdogo, madirishani kulikuwa na watu kama sitini. Walipoona mzee mgeni amekaa kiti cha Meneja anampigia makofi Mwenyekiti, walidhani ni jambo rasmi. Wakapiga makofi wote. Mtu wa nyuma akapiga kigelegele. Ndugu Donatus alitazama dirisha hili, akatazama lile. Katika miaka sita ya hotuba zake hakuwahi kupigiwa kigelegele. Nilimwona anajaribu kubaki na hasira akashindwa. Akaweka mkono kifuani, akainama kidogo, akasema, "Ahsanteni. Ahsanteni sana, ndugu zangu."

Ignas alipoona hivyo alidhani uamuzi umeshapita. Akaenda kufungua makufuli yote mawili. Mengine uliyaona mwenyewe.

Nina swali moja. Sijui kama ulikuwa unaelewa anachosema au huelewi. Mageni anasema ulielewa kila neno kwa kumwangalia midomo. Maganga anasema hapana. Tumebishana wiki nzima.

Sasa kuhusu pale getini. Ulilishika kwa mkanda uliopitishwa katikati yake, ukanipa ishara, nikalipiga begani, mara moja. Ulikuwa unaangalia uso wangu, sikujua niufanyeje. Nakuandikia nilichosikia, na sitaongeza kitu. Lilipasuka. Mbwa wa mlinzi aliingia chini ya lori. Halafu likanyamaza upesi, kama ulivyosema, na kwa muda wa pumzi moja ile sauti ya chini ikabaki, nzito, ya mtu mzima, nikaisikia mpaka kwenye meno. Kisha ikaondoka. Nilitoa machozi, na hilo uliliona.

Kiwanda kimeandika kwamba toazi lenye kasoro "limepotea wakati wa matengenezo", na fundi wa karakana, ambaye hakuwahi kuligusa, amepewa onyo. Nimemwombea msamaha, nikaambiwa niandike. Mimi nimeondolewa kwenye bendi nikapelekwa mizani. Nikaandika barua ya kuacha kazi. Kamati imeirudisha kwa sababu haikuwa na nakala tatu. Nimepeleka tatu.

Maganga naye ameacha. Tumepata wengine wawili, na mwezi ujao wakulima wa tumbaku wa Ushetu wanafanya sherehe ya kufunga msimu. Wametuita, na toazi uliloniachia litakuwepo. Jumapili ya tarehe 14, saa nane mchana. Kamati hatuna. Jina la bendi bado. Sijui tutakula nini mwezi wa kumi, na mtoto anakuja. Mageni anasema nisikuandikie hilo, lakini tumeshakubaliana kutodanganyana.

Mwanao,
Selestine


Nyarugusu
24 Agosti 1975

Ng'wanawane,

Marahaba. Nilifika salama, Mama Sikujua amenigombeza kwa sababu ya zile kanga mpaka nimemwona amechoka.

Barua yako nimewasomea yeye na Sikujua kwa sauti. Sikujua alianguka kwenye mkeka kwa kicheko. Sauti yangu mwenyewe siijui ilivyo siku hizi, lakini jirani watatu walikuja kusikiliza kutoka ng'ambo ya barabara, kwa hiyo nadhani ni kubwa.

Ule ukurasa wenye swali lako, kama nilielewa au sikuelewa, wino wake umefifia. Sikuweza kuusoma.

Watu wa hapa nimewaambia kwamba sisikii. Niliitisha kikao nikawaambia. Walizungumza kwa muda mrefu sana, kisha mmoja akaniandikia mchangani kwa kijiti: walikuwa wanajua tangu Oktoba. Wanataka niendelee na kesi. Tena wamesema anayekuja baada yangu naye lazima awe kiziwi.

Kuhusu mwezi wa kumi, mtakula. Mahindi ya Mama Sikujua ni mengi kuliko sisi, nitakuja nayo. Usibishe, sitakusikia.

Tarehe 14 nitakuwa Ushetu. Nitapanda lori la Jumamosi mpaka Kahama, kutoka hapo nitauliza njia kwa kuwaangalia watu wanaelekea wapi. Niwekee kiti mbele kabisa, upande wako wa kulia, niione mikono yako. Ukilipiga usoni, nitainuka niondoke mbele ya wakulima wote.

Baba yako mdogo,
Nkwabi